Haya, Kicheko na Ulimi wa Kigeni

Katika vyuo vyetu vya ualimu, na hata katika vyuo vikuu, lipo jambo ambalo kila mwalimu wa lugha amelishuhudia, lakini ambalo aghalabu hudhaniwa kuwa ni suala la ufundishaji tu. Kijana aliyefaulu mtihani wake wa Kiingereza, awezaye kuandika insha ya kurasa nne pasipo taabu kubwa, akiulizwa swali kwa lugha hiyohiyo mbele ya wenzake huinamisha kichwa na kunyamaza. Si kwamba hajui jibu. Mwulize swali lilelile kwa Kiswahili, naye atalieleza jambo kwa ufasaha, kwa mifano na hata kwa mzaha. Ulimi mmoja ni hodari katika lugha hii na bubu katika lugha ile. Sisi tunadai kwamba ububu huo hautokani na uchache wa maneno peke yake. Unatokana pia na namna tunavyotendeana sisi kwa sisi, na kwa hiyo ni suala la maadili kabla ya kuwa suala la sarufi.

Tuanze na kisa tulichokishuhudia wenyewe. Katika mwaka wetu wa kwanza wa masomo ya ualimu, mwenzetu mmoja aliyetoka bara, mtu mzima kuliko wengi wetu, aliombwa asome kwa sauti aya moja ya kitabu cha jiografia. Alisoma vizuri mpaka alipofika kwenye neno la Kiingereza la kisiwa. Neno hilo huandikwa kwa herufi s katikati, lakini herufi hiyo haitamkwi. Yeye aliitamka, tena kwa nguvu, kama apaswavyo kufanya mtu aliyelelewa na Kiswahili, ambacho hutamka kila herufi kinachoiandika. Darasa zima lilicheka. Nasi tulicheka, hatuwezi kujitoa katika hesabu hiyo. Mkufunzi alitabasamu, kisha akamwambia aketi. Kwa muda wote uliobaki wa masomo yetu hatukumsikia tena ndugu yule akisema neno la Kiingereza darasani kwa hiari yake.

Ni baada ya miaka mingi ndipo tulipojifunza historia ya herufi ile. Waingereza wa kale waliliandika neno lao la kisiwa bila s. Katika karne ya 16 wasomi wao waliichomeka herufi hiyo kwa kudhani kwamba neno hilo lina nasaba na neno la Kilatini lenye maana hiyohiyo, kumbe asili za maneno hayo mawili ni mbalimbali. Kosa la wasomi likakubaliwa, likawa sheria ya tahajia, na watoto wa shule wa dunia nzima wanalikariri mpaka leo. Mwenzetu yeye alichekwa kwa kuliamini andiko lao.

Sasa tujiulize: ndugu yule alipoketi na kuinamisha kichwa, alikuwa anaona nini? Wengine watasema aliona haya. Neno hilo tulitazame vizuri. Katika utamaduni wetu haya ni pambo la mtu, na kumwambia mtu kwamba hana haya ni kumtukana. Haya humzuia mtu asiropoke mbele ya wakubwa, asijisifu, asidai kujua asichokijua. Mtoto aliyelelewa vema husubiri apewe nafasi ndipo aseme, na akisema hupima maneno yake. Malezi haya ni mema, wala hatukusudii kuyabeza. Lakini yafaa ieleweke kwamba kujifunza kusema lugha ya kigeni humtaka mtu mzima afanye karibu kinyume cha hayo yote. Humtaka aseme kabla hajawa na uhakika, aseme vibaya, aseme kama mtoto wa miaka mitatu, tena hadharani, mbele ya watu ambao kesho watamwita mwalimu. Basi si ajabu kwamba wale waliolelewa vizuri zaidi ndio wanaonyamaza zaidi.

Hata hivyo, haya iliyo pambo la mtu inahusu matendo. Mtu huona haya kwa sababu amedhulumu, amesema uwongo, amevunja ahadi au amemvunjia mkubwa heshima. Ndugu yule alikuwa amefanya lipi katika hayo? Kosa la matamshi halimnyang'anyi mtu haki yake wala halimdhuru jirani. Alichokiona siku ile kilikuwa fedheha, nayo fedheha haitoki ndani ya mtu bali hutwikwa na wengine. Tukilipima jambo hili kwa mizani ya wazee wetu, tutaona kwamba asiye na kosa ndiye aliyeinama, na sisi tuliokuwa na kosa tulitoka darasani tukitembea vifua mbele.

Huenda msomaji akasema kwamba kicheko ni kitu kidogo, na kwamba vijana hucheka kila kitu. Ni kweli vijana hucheka. Lakini kicheko cha lugha ya kigeni si sawa na kicheko cha mtu aliyejikwaa. Aliyejikwaa huchekwa mguu wake, na akiinuka mambo yamekwisha. Anayekosea Kiingereza huchekwa akili yake. Hapa ndipo ilipo dhuluma yenyewe. Tumezoea kukitumia Kiingereza kama kipimo cha akili, hata mtu mwenye kukisema kwa mtiririko hudhaniwa kuwa na hekima ingawa anayoyasema ni mapovu, na mwenye kukisema kwa kigugumizi hudhaniwa kuwa mjinga ingawa analijua jambo lake mpaka mizizi.

Kipimo hicho hatukukitunga sisi. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ukombozi wa fikra, alisimulia jinsi wanafunzi wa Kenya wakati wa ukoloni walivyoadhibiwa kwa kusema Kikuyu katika mazingira ya shule. Wengine walichapwa, wengine walivishwa vibao vya chuma vyenye maneno ya kuwadhalilisha. Na ili wakosaji wakamatwe, mwanafunzi mmoja alipewa kifungo cha nguo ampe yeyote atakayemsikia akisema lugha ya mama. Huyo naye akampe mwingine, mpaka jioni mlolongo wote ukajulikana. Tunaomba msomaji autafakari ujanja wa mpango huo. Mwalimu hakuwa na haja ya kusikiliza kila kona ya uwanja, kwa maana watoto wenyewe walifanywa walinzi wa wenzao. Katika vyuo vyetu hakuna aliyetupa kibao wala kifungo. Lakini kila tulipomcheka mwenzetu tulikuwa tunaifanya kazi ileile ya mlinzi, tena bila kuagizwa na mtu. Hiyo ndiyo kasumba: bwana amekwisha kwenda zake, na sisi tumebaki tukishika zamu.

Ajabu ni kwamba utamaduni wetu unazo njia nyingine za kujifunza lugha, nazo tunazijua. Katika pwani yetu, tangu karne nyingi, mtoto amepelekwa chuoni kwa mwalimu akajifunza kusoma Kurani katika lugha ambayo si ya mama yake. Huanza na herufi, huzitamka kwa sauti, na mwalimu humsahihisha mahali kila herufi inapotokea, kooni au kinywani. Hurudia. Husahihishwa. Hurudia tena, na wote waliomzunguka wanasoma kwa sauti vilevile, kila mmoja na mahali pake alipofikia. Yapo mengi ambayo mtu anaweza kuyalaumu katika ufundishaji huo, hasa kukariri bila kufahamu maana, na fimbo nayo haikuwa mbali. Lakini pale kusahihishwa ndiyo kazi yenyewe ya kila siku. Tena tusisahau kwamba njia hiyo, pamoja na biashara ya karne nyingi, iliujaza msamiati wetu wa Kiarabu. Ndiyo maana msemaji wa Kiswahili anayetamka vema thamani na dhahabu amekwisha kuzijua sauti mbili za Kiingereza ambazo Mfaransa na Mjerumani huzitokea jasho.

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi. Chama cha TANU kilipoanzishwa tarehe 7 Julai, 1954, wengi wa Watanganyika hawakuwa na Kiswahili kama lugha yao ya kwanza. Waliosimama majukwaani walikisema kwa lafudhi za Kisukuma, Kichaga, Kihaya, Kinyakyusa na nyinginezo. Wengine waliichanganya l na r, wengine ngeli ziliwapotea njiani. Watu wa pwani walikuwa na mizaha yao juu ya Kiswahili cha bara, na mpaka leo wanayo. Lakini kwenye mikutano watu walisikiliza, kwa sababu walitaka kujua kinachosemwa. Lugha ya taifa haikuenezwa na wenye ufasaha peke yao. Ilienezwa pia na maelfu ya watu waliokubali kuisema kwa makosa, na maelfu wengine waliokubali kuwasikiliza. Mwalimu Nyerere mwenyewe alizaliwa katika Kizanaki. Kiswahili alijifunza shuleni Mwisenge, Musoma, alikoanza masomo mwaka 1934, na Kiingereza kilifuata baadaye katika safari ya Tabora, Makerere na Edinburgh. Alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963, ambayo baadaye aliiita Juliasi Kaizari, alikuwa anaitoa kazi hiyo katika lugha yake ya tatu na kuitia katika lugha yake ya pili. Mtu aliyeogopa kuchekwa asingeifikia lugha ya pili, seuze ya tatu.

Tumesema mengi juu ya kusema. Tugeukie kusikiliza, ambako kwa maoni yetu ndiko kwenye uzito. Lugha yetu hutofautisha kusikia na kusikiliza, na kutokana na mzizi huo imezaa neno usikivu. Tunapomwita mtoto msikivu hatumaanishi kwamba masikio yake ni mazima. Tunamaanisha kwamba ana adabu, hukubali kuongozwa, huyaweka maneno ya wengine mbele ya yake. Mhenga aliyesema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu hakuwa anazungumzia ugonjwa wa masikio. Basi mwanafunzi wa lugha anapojizoeza kusikiliza, anajizoeza sifa ambayo sisi tumekwisha kuihesabu kuwa ni maadili.

Kiingereza kwa upande huu ni kigumu kuliko inavyodhaniwa. Kiswahili kina irabu 5, na kila moja hubaki vilevile popote iwekwapo. Kiingereza cha Uingereza kinachofundishwa shuleni kina sauti za irabu zipatazo 20. Neno lao la meli na neno lao la kondoo kwa sikio letu ni neno moja, mpaka sikio lifundishwe. Zaidi ya hayo, mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi zote hupewa haki yake. Mkazo wa Kiingereza huhamahama: katika neno la picha uko mwanzoni, katika neno la mpiga picha umehamia silabi ya pili, na katika sifa inayotokana na neno hilo umekwenda ya tatu. Silabi zisizo na mkazo humezwa. Ndiyo maana mwanafunzi hulijua neno kwenye karatasi, kisha likampita masikioni bila kulitambua, kama mtu anayempita jirani yake gizani. Huo si upungufu wa akili. Ni sikio lililozoea lugha yenye kugawa sawasawa, likikutana na lugha yenye upendeleo.

Sikio hufundishika. Tulipokuwa chuoni, bwenini mwetu palikuwa na redio moja ya betri. Jioni tulisikiliza kwanza taarifa ya habari ya Kiswahili ya Redio Tanzania Dar es Salaam, kama ilivyoitwa wakati ule. Kisha tuliitafuta BBC tukasikiliza habari za siku ileile kwa Kiingereza. Aliyekwisha kujua kwamba kuna mkutano Lusaka, na nani kahudhuria, sikio lake lilikuwa na pa kushika. Baadaye tukaanza utaratibu ambao hatukufundishwa na mtu: mmoja wetu alisikiliza, mwenzake akakaa nje, kisha yule wa kwanza akamweleza habari hiyo kwa Kiingereza chake, na huyu akamwuliza maswali. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba muulizaji asicheke wala asisahihishe mpaka habari iishe. Wamarekani nao walikuwa wametambua haja hiyo. Mwaka 1959 redio ya Sauti ya Marekani ilianza matangazo ya Kiingereza cha polepole, yenye msamiati wa maneno yapatayo 1500, kwa ajili ya wasikilizaji ambao lugha hiyo si yao. Leo mwanafunzi ana simu mfukoni. Anaweza kurudia sentensi moja mara ishirini, na simu nyingine hata humjibu. Simu haicheki, na hilo ni jema lake. Lakini mtu hatimaye atasema na watu, na uhodari uliopatikana chumbani peke yake hunywea mlangoni kama haukuzoezwa mbele ya macho ya mwenzake.

Lipo kosa moja la msikilizaji ambalo ni lazima tulitaje waziwazi, kwa kuwa tumelifanya sisi wenyewe mara nyingi. Nalo ni kuitikia tusichokielewa. Mgeni anasema, sisi tunatikisa kichwa na kujibu ndiyo, kwa sababu kumwomba mtu arudie maneno yake tunaona ni kumsumbua, au ni kujifunua. Huo ni uwongo, ingawa ni mdogo na umevaa nguo za adabu. Na si mara zote huwa mdogo. Muuguzi anayeitikia maelezo ya kipimo cha dawa bila kuyaelewa, au fundi anayeitikia onyo juu ya mtambo, amemdanganya aliyesema na kumhatarisha asiyekuwapo. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Katika chumba cha lugha tungependa kuongeza kwamba kuuliza ni ukweli, na mwanafunzi anayesema kwamba hakusikia, tafadhali rudia, ametenda jema kuliko yule aliyekwisha kukariri majibu kumi.

Wapo wanaotupinga kutoka upande mwingine. Wao husema kwamba kijana anayejizoeza Kiingereza na wenzake chini ya mwembe anajidai, anaukimbia utamaduni wake, na hukumbusha kwamba mwacha asili ni mtumwa. Hoja hii tunaiheshimu, kwa sababu utumwa huo upo. Tumewaona watu wanaomjibu mama mzee kwa Kiingereza dirishani pa ofisi ili aondoke. Lakini hao kosa lao si kukijua Kiingereza. Wamekigeuza lugha kuwa ukuta, na hata Kiswahili kingewezekana kukigeuza hivyo. Tume ya Makwetta mwaka 1982 ilipendekeza masomo ya sekondari yafundishwe kwa Kiswahili. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na mpaka sasa mtoto wetu akiingia kidato cha kwanza hukutana na hesabu na baiolojia kwa Kiingereza. Mtu anaweza kuutaka Kiswahili ushike nafasi hiyo, kama sisi tunavyotaka, na papo hapo akamwonea huruma mtoto anayetakiwa kujifunza leo. Kumnyima mazoezi kwa jina la utamaduni ni kumwadhibu yeye kwa uamuzi ambao hakuufanya. Kiswahili kimekubaliwa kuwa lugha rasmi ya SADC mwaka 2019, na tangu mwaka 2021 Siku ya Kiswahili Duniani imetambuliwa na UNESCO. Lugha iliyofika hapo haitatishwa na vijana wawili wanaobabaika kwa Kiingereza jioni.

Majirani zetu wa Rwanda walipoamua mwaka 2008 kuacha Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza, walimu waliokuwa wamesomea Kifaransa maisha yao yote walijikuta wanafunzi tena, wengine mbele ya watoto waliokuwa wakiwafundisha. Hatukusudii hapa kuhukumu uamuzi wenyewe. Tunalotaka kulitazama ni mwalimu yule wa makamo anayesimama asubuhi na maneno machache aliyojifunza jana usiku. Darasa lake lina uwezo wa kumvunja au kumbeba. Hakuna sheria inayoweza kuliamuru lifanye lipi.

Turudi kwa mwenzetu wa neno la kisiwa. Alihitimu, akapangiwa kufundisha, na kwa sababu ya upungufu wa walimu akapewa Kiingereza. Miaka mingi baadaye tulipita shuleni kwake. Madaftari ya wanafunzi wake yalikuwa nadhifu, sarufi imepangwa vizuri, na darasa lilikuwa kimya kabisa. Tulimwuliza, baada ya kipindi, kwa nini hakuna mwanafunzi anayesema. Alitujibu kwa Kiswahili kwamba hapendi kuwaaibisha. Anayetaka kujibu huandika. Aliona anawakinga. Na kwa namna moja alikuwa anawakinga kweli, kwa ukuta uleule aliojengewa na sisi.

Tulimwambia kwamba siku ile tulikuwamo miongoni mwa waliocheka, na tukamwomba radhi. Alisema ni siku nyingi, ndugu zangu. Kisha tukamsimulia habari ya wasomi wa karne ya 16 na herufi yao. Alitutaka turudie. Ndipo akacheka mpaka akafuta macho, akawaita wanafunzi wawili waliokuwa wakisafisha ubao, akaanza kuwasimulia kisa kizima kwa Kiingereza, polepole, akitafuta maneno na mara nyingine akiyakosa. Walimsikiliza mpaka mwisho. Mmoja wao, binti mdogo mwenye vumbi la chaki mikononi, akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyeiweka herufi hiyo na kwa nini hawaiondoi. Swali lilikuwa na makosa mawili. Mwalimu akaanza kulijibu.